Baridi Ndani ya Gari ya Muzee Gaspard

Mambo yalianza Alhamisi moja, wakati Lambert alipokuwa anamrudisha Muzee Gaspard nyumbani Nyakasanza. Vioo vyote vya gari vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi, na kwa sababu ya kifua cha muzee, kilichokuwa na asima, yaani pumu, tangu ujana wake. Klima, ile mashine ya kupoza na kupasha hewa ya gari, ilikuwa kwenye AUTO, nyuzi ishirini na nne, namba ambayo muzee mwenyewe aliichagua siku gari ilipofika kutoka Kampala na ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Walipokaribia soko, upepo ulibadilika. Ulianza kuvuma kwa nguvu, wa baridi kabisa, kama mtu amewafungulia mlango wa friji usoni.

"Lambert, ongeza moto," muzee akasema, akivuta koti lake.

Lambert akapandisha. Kioo kidogo kikaonyesha ishirini na nane. Baridi ikaendelea vilevile.

"Nilisema uongeze, hapana kupunguza."

"Nimeongeza, muzee. Angalia mwenyewe."

Muzee akaangalia namba, akaangalia mkono wa Lambert, kisha akaangalia tena namba. Akaanza kukohoa, na alikohoa mpaka wakafika mlangoni kwake.

Lambert alikuwa shofere wake tangu enzi za pick-up kuukuu iliyokuwa inaleta ng'ombe kutoka Boga. Ng'ombe bado walikuwa kule, na wachungaji wao, lakini muzee alikuwa amezeeka, mkewe amefariki, na biashara ya maziwa na dawa za mifugo ilikuwa mikononi mwa binti yake, Joëlle. Mwanamke huyo alikuwa na macho ya kuona kila kitu. Bidoni moja ya maziwa ikipungua depoo, alijua kabla ya mtu kumwambia.

Kesho yake asubuhi, Lambert aliwasha gari uani mbele ya Joëlle na baba yake. Klima ikapuliza hewa ya uvuguvugu, taratibu, kama siku zote.

"Baridi iko wapi?" Joëlle akauliza.

"Jana ilikuwa, mama. Muzee ni shahidi."

"Dimanche nilienda nayo kanisani. Sikuona kitu." Akamtazama Lambert toka juu mpaka chini. "Iko nakataa na weye tu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki zile. Asubuhi klima ilikuwa njema. Wakitembea kiasi, baridi ilianguka juu ya magoti ya muzee bila onyo. Lambert hakupata maelezo, na mtu asiye na maelezo hufanana na mtu anayeficha jambo. Muzee alianza maswali ambayo hakuwahi kuuliza. Nani alirudisha kiti hiki nyuma? Jana niliposinzia ulibeba nani? Mbona leo umepita huku? Mara moja Lambert alimkuta amesimama kando ya gari, mlango wazi, akinusa kitambaa cha kiti.

Joëlle naye alikuwa na maswali yake. Alimkuta Lambert penye bomba, anaosha gari.

"Papa Lambert, Alhamisi munapita wapi na papa?"

"Muzee njo anajua, mama. Mi ninaendesha tu."

"Unaendesha na macho ya kufunga?"

Lambert aliendelea kusugua tairi. Ukweli ni kwamba alijua, ila nusu tu. Kila Alhamisi muzee alipakia bidoni ndogo ya maziwa chini ya kiti, wakaenda mtaa wa Saio. Gari ilibaki kwenye kona, muzee akaenda kwa miguu mpaka nyumba yenye mlango wa bluu, akakaa humo mpaka jua lilipogeuka. Siku ya kwanza kabisa alimwambia Lambert: "Hapa siye hatujawahi kufika." Basi. Lambert alielewa kama mwanaume yeyote angeelewa. Muzee ni mjane, ndani ya ile nyumba kuna mwanamke, na jambo hilo halimhusu shofere. Alinunua karanga, akazila garini, akafunga mdomo.

Lakini baridi haikufunga mdomo. Siku ambayo muzee alishuka akiwa anahema kwa filimbi kifuani, na Joëlle akalazimika kumpulizia dawa palepale kwenye ngazi, binti yule aligeuka akasema mbele ya kila mtu: "Unataka kumuua? Sema tu." Lambert akachukua funguo, akaenda garaji.

Fundi aliitwa Guelord, kijana mnene mwenye hangari ya mabati nyuma ya bulvari. Aliingiza gari ndani kabisa, kwenye kivuli, akaketi penye usukani. Alibonyeza vidude viwili vya klima kwa pamoja, akavishikilia, akageuza funguo. Kioo kidogo kikawaka na kuzima, kikawaka na kuzima, kisha kikatoa namba: 21.

"Vingt-et-un," Guelord akasema kwa furaha. "Gari yenyewe imesema. Kapteri ya jua imekufa." Akaonyesha kidude cheusi juu ya dashibodi, kidogo kama kifuniko cha kalamu. "Hii njo inaona kama jua iko kali. Ikikufa, klima inapotea akili."

Kisha akanyoosha mkono kwenye rafu na kushusha kapteri nyingine, imefungwa vizuri kwenye plastiki. Haraka hiyo haikumpendeza Lambert. Mtu anakuja na tatizo ambalo limewashinda watu wiki nyingi, na dawa iko tayari juu ya rafu, imefutwa vumbi?

"Ulijua je nitakuja?"

"Papa, sikujua. Ni pièce ya kawaida."

"Toa gari inje kwanza. Urudilie mbele yangu, kwenye mwangaza. Nataka kuona vile vidole vyako vinafanya."

Guelord alinuna, lakini akatoa gari mpaka katikati ya uwanja, jua likipiga kioo cha mbele. Akabonyeza, akashikilia, akageuza funguo. Kioo kikawaka na kuzima kama mwanzo. Ile namba haikutokea. Akarudilia. Hakuna.

"Sasa imefufuka?" Lambert akauliza. Alikuwa amekwisha shika mlango, tayari kuondoka na kwenda kwa fundi mwingine.

Guelord alijikuna kichwa muda mrefu. Halafu akajipiga paji la uso.

"Pardon, papa. Ni kosa yangu, sikukudanganya. Mule ndani ya hangari jua haiko. Kapteri haioni kitu, gari inazania imekufa. Ingesema hivyo ata ingekuwa mpya." Akarudisha ile pièce kwenye rafu bila kuambiwa. Hapo Lambert akaachia mlango. "Sasa niambie vizuri. Baridi inaanza wakati gani?"

"Asubuhi hapana. Tukiisha kutembea, motere ikipata moto, njo inaanza. Na ikianza, ata uweke ishirini na nane, haisikii."

"Motere ikipata moto," Guelord akarudia polepole.

Aliingia garini tena. Karibu na usukani palikuwa na kiwavu kidogo cha plastiki, matundu membamba ambayo Lambert alikuwa ameyaona miaka yote bila kujiuliza kazi yake. Guelord akachana kipande cha karatasi laini ya kupangusia pua, akakiweka kwenye yale matundu, akaachia. Karatasi ikaanguka. Akaiokota, akaiweka tena. Ikaanguka.

"Hapa gari inavuta hewa," akaeleza. "Inaonja joto ya humu ndani, ijue kama nyinyi muko nasikia baridi ao moto. Karatasi ilipaswa kunasa. Haivuti kitu."

Akachukua bisibisi, akafungua plastiki ya chini ya usukani, akajilaza chali na kuingiza kichwa chini ya dashibodi. Lambert alisikia akicheka, kisha kicheko kikakatika.

"Papa Lambert. Kuja uone."

Lambert akapiga magoti. Kwa mwanga wa tochi ya telefone aliona bomba jembamba jeusi likining'inia hewani, limetoka mahali pake.

"Hii tuyo njo ilikuwa inaleta hewa yenu kwa kapteri ya joto," Guelord akasema kwa sauti ya chini. "Imetoka. Sasa gari ilikuwa inaonja hewa ya huku nyuma, penye moto. Inazania nyinyi muko naungua, njo inawamwangia baridi. Gari haikukosa, papa. Iliambiwa uongo. Lakini angalia hapa pembeni."

Pembeni mwa bomba, kimefungwa kwa utepe mweusi, palikuwa na kisanduku kidogo kisichozidi kiberiti. Nyaya zake mbili zilikuwa zimeuma nyaya za gari kama kupe. Kitaa cha kijani kilikuwa kinapepesa.

"Hii haikutoka Japani. Ni GPS. Iko na SIM ndani, kama telefone. Mutu anakaa kwake, anaona gari iko wapi, imesimama wapi, imekaa wapi muda gani. Ule aliyeiweka njo aliangusha tuyo. Ata hakujua."

Lambert aligeuka akaangalia barabara. Pikipiki zilikuwa zinapita, wanawake na mabeseni yao, kijana mmoja ameegemea nguzo akichezea simu. Yule kijana alikuwa anaandika nini? Katika mji ule watu walikuwa wamechukuliwa njiani na kurudishwa baada ya ndugu kuuza kila kitu, na wengine hawakurudishwa. Ukijua siku ya mtu na njia yake, kazi iliyobaki ni ndogo. Na muzee wa ng'ombe alikuwa na siku moja na njia moja.

"Niitoe?" Guelord akauliza.

"Hapana. Ukiitoa, mwenyewe atajua. Rudisha tuyo tu. Hiyo ingine uiache vile uliikuta. Na weye hukuiona."

"Mi niko na watoto, papa. Sikuona kitu."

Bomba likarudishwa. Safari hii karatasi ilinasa kwenye kiwavu na kubaki pale, ikitetemeka.

Njia nzima ya kurudi klima ilipuliza vizuri, na Lambert hakuifurahia hata kidogo. Aliwapitisha watu mmoja mmoja kichwani. Guelord mwenyewe? Angekuwa yeye, asingemwita aone. Wachungaji wa Boga? Hawakuwahi kuifikia gari. Funguo zilikaa kwenye msumari sebuleni, na mara moja tu, kabla kidogo ya baridi kuanza, zilikaa pale siku mfululizo bila yeye kuwepo, wakati muzee alipolazwa hospitalini na Lambert alipokuwa analala kule kumsaidia. Aliyekuwa nyumbani wakati ule ni Joëlle. Lakini pia muzee mwenyewe aliweza kumtuma mtu. Maswali yale ya kiti, kule kunusa kitambaa. Kadiri alivyofikiri, ndivyo alivyoona wazi: muzee ameacha kumwamini, na badala ya kumwambia, amemfunga kengele kama mbuzi.

Alimkuta muzee kwenye kibaraza, peke yake, redio imezimwa. Lambert alieleza yote: kivuli na jua, karatasi, bomba, kisanduku. Alikuwa anatazama uso wa muzee akingoja aone aibu ya mtu aliyegunduliwa. Hakuona aibu. Aliona hofu, halafu hofu ikageuka hasira.

"Batu gani bamekulipa?"

"Nani?"

"Weye, Lambert. Nani mwengine anajua Saio? Mutu mumoja tu chini ya jua anajua ninaenda Saio. Kisha leo unaniletea habari ya kisanduku, eti umekiona kwa bahati."

"Ningekuwa nimekiweka mi mwenyewe, ningekuja kukuonyesha juu ya nini?"

"Juu fundi amekiona. Umeogopa atasema."

Lambert alimsogelea. Alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya kiti, kando ya paja la muzee. "Nilizania ni weye uliniwekea," akasema. "Sasa naona siye wawili tunaogopana bure. Lakini mutu akishasema neno kama hilo, shofere haendeshi tena. Kesho ni Alhamisi. Utafute mwengine."

Alikuwa amekwisha fika kwenye lango la lupango, ule ua wa nyumba, ndipo muzee alipomwita. Hakuomba msamaha. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Kama si weye, na si mi, basi kuko mutu. Twende kesho kama siku zote. Gari tuiache mahali penye batu. Siye tukae ngambo, tuone nani anaifuata."

"Na kama ni batu ba bunduki?"

"Mchana, mbele ya parokia? Batakuja kuangalia kwanza. Siye pia tutabaangalia."

Lambert alisimama na mkono kwenye lango. Hakutaka kwenda. Lakini alijua muzee angekwenda hata peke yake, kwa miguu, na kifua kile. Akarudi kuchukua funguo.

Kesho yake waliacha gari chini ya ukuta wa parokia ya Saio, wakavuka barabara na kuingia kwenye malewa ya mama mmoja aliyekuwa anauza wali na maharagwe. Walikaa mezani nyuma, penye giza kidogo, kutoka pale waliona gari yote. Muzee aliagiza chai, hakuinywa. Lambert aliagiza chakula, hakukigusa. Kila aliyepunguza mwendo karibu na gari aliwasimamisha moyo. Mwanamume wa kofia alisimama, akajiangalia kwenye kioo, akaenda. Askari mmoja aliegemea mlango wa nyuma akiongea na simu, akaongea, akaongea, na Lambert akaona vidole vya muzee vimeng'ang'ania meza. Askari akacheka na simu yake, akaondoka zake.

"Hawaji," Lambert akanong'ona.

"Ngoja."

Halafu pikipiki moja ikaja polepole mno, kama motari anatafuta nyumba asiyoijua. Abiria alikuwa mwanamke aliyejitanda kitenge kichwani mpaka machoni. Alishuka, akalipa, akatoa simu. Aliangalia simu, akaangalia gari. Akazunguka nyuma yake, akachungulia ndani kwa kukinga mikono kwenye kioo, akageuka kuitazama parokia, kisha nyumba za kushoto, kisha za kulia. Kitenge kikateleza.

Alikuwa Joëlle.

Muzee alisimama, akaacha chai yake na fimbo yake pale pale, akatoka juani.

"Unamutafuta nani?"

Joëlle aliruka. Aliona baba yake ng'ambo ya barabara, na nyuma yake Lambert, na simu ikabaki mkononi wazi kama kitu kilichoibwa.

"Namutafuta mwanamuke," akasema. Hakujaribu kudanganya, aliinua hata kidevu. "Mwanamuke anayekunywa maziwa yetu. Mama hajaoza kwenye kaburi, papa."

"Weye njo uliweka kile kisanduku?"

"Mutu wa matelefone alikiweka, wakati ulikuwa hospitali. Nilikulilia mara ngapi, unisemeshe? Kila Alhamisi telefone inaonyesha Saio, weye unaniambia ulienda benki. Unaniambia ulienda kwa rafiki yako Adolphe. Adolphe mwenyewe alikuja kukutafuta nyumbani!"

Watu walikuwa wameanza kutazama. Muzee alivuka barabara, kifua chake kikipanda na kushuka.

"Kile kisanduku chako karibu kiniue na baridi," akasema. "Na karibu kinifukuzishe Lambert, ule hakukosa kitu. Nilimuita mwizi wa maisha yangu. Lambert, nakuomba pardon mbele yake." Alisema hivyo bila kugeuka, lakini alisema kwa sauti, na mama wa malewa alisikia. Kisha akamwambia Joëlle: "Kuja umuone mwanamuke. Lambert, na weye kuja. Leo huketi garini."

Nyuma ya mlango wa bluu palikuwa na chumba kimoja, safi, chenye pazia la kugawanya. Mwanamke mzee kuliko muzee alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharagwe. Miguu yake ilikuwa imevimba, alishindwa kuinuka. Aliona watu watatu wanaingia badala ya mmoja, na mikono yake ikaacha kuchambua. Alimwangalia Joëlle, akaangalia mlango, kama mtu anayepima umbali.

"Mama Fifi, usiogope," muzee akasema. "Ni mutoto wangu."

Lambert alimsikia yule mama akisalimu, na kwa matamshi yake tu akaelewa ni mtu wa upande gani: kabila lililopigana na la muzee wakati wa vita. Joëlle pia alielewa. Ilionekana mgongoni mwake, ulivyokakamaa.

Muzee akasimulia kwa kusimama. Wakati wa vita alikuwa anarudi kwa miguu kutoka njia ya Boga, bila kujua mji umekwisha gawanyika. Vijana wa mapanga walimwona, akakimbia, akaingia jikoni kwa watu asiowajua. Mama Fifi alimsukuma chini ya kitanda, na juu ya kitanda alikuwa amelala binti yake mdogo, Fifi, mwenye surua, amejaa vipele mpaka kwenye kope. Vijana walipofika mlangoni, mama huyu aliwafungulia mwenyewe, akawaambia ingieni, surua iko hapa, mubebe mupelekee watoto wenu. Hawakuingia. Muzee alilala chini ya kile kitanda mpaka njia ilipopoa, na kila usiku mama Fifi alimpitishia uji kwa chini.

"Ningekuambia je?" akamwuliza Joëlle. "Weye ulikataa ata kununua chumvi kwa batu ba upande ule."

"Batu bake njo baliua Étienne." Étienne alikuwa kaka yake mkubwa, aliyeuawa wiki ileile, upande wa pili wa mji. Lambert hakuwahi kusikia Joëlle akitaja jina lile.

"Ndiyo," mama Fifi akajibu kabla ya muzee. "Papa yako aliniambia jina yake. Na batu benu baliua bwana yangu. Tulisema hayo na papa yako mara moja, tukalia, tukamaliza. Ata hapa jirani hawapendi aje. Njo gari inabaki kule mbali." Akavuta kigoda kwa mkono. "Ikala, mutoto."

Joëlle hakuketi. Alitoka nje bila kuaga, akatembea haraka mpaka kwenye gari. Muzee alimwashiria Lambert amfuate.

Alimkuta amekaa kiti cha nyuma, mlango wazi, miguu nje. Lambert akaketi mbele.

"Ulijua?" Joëlle akauliza.

"Nilijua mulango tu. Mi pia nilizania ni bibi wa pili."

Joëlle akacheka kidogo, kicheko kibaya, kikageuka kilio. "Nilikuwa nimetayarisha maneno yote ya kumutukana," akasema. "Njia yote kwa pikipiki nilikuwa nayapanga. Sasa niyapeleke wapi?"

Lambert aligeuka nyuma. Naye alikuwa na maneno yake kifuani, ya kumwambia Joëlle: uliniita muuaji kwenye ngazi mbele ya watu. Aliyasema, kwa upole lakini aliyasema. Joëlle akapangusa uso. "Nilikukosea, papa Lambert," akajibu. "Nilifikiri unamufunika." Akafikiri. "Na kweli ulikuwa unamufunika."

"Kweli."

Siku ya pili yake Guelord alikitoa kile kisanduku, na Joëlle akakivunja kwa tofali uani. Lakini hakurudi Saio. Alimwambia baba yake wazi kwamba hatamkataza na hatamfuata, na kwamba asimwombe zaidi. Muzee hakumwomba. Aliendelea kwenda, sasa akisema anapokwenda, na Joëlle akiitikia kwa kichwa huku akitazama kwingine. Lambert alibaki kuwa shofere wake, ingawa ilimchukua muda kuacha kukitazama kioo cha nyuma kila pikipiki iliposhika njia yao, na muda mrefu zaidi kuacha kumkumbuka muzee akimwuliza nani amekulipa.

Mvua za Septemba zilipokuja, asima ilimwangusha muzee vibaya. Lambert alimpeleka hospitali. Joëlle alikaa kwenye benchi la korido, mkoba wake kando, akingoja daktari atoke. Adhuhuri, mwanamke mmoja alikuja na termosi ya uji. Alisimama mbele ya mlango wa chumba bila kujua aingie au asiingie. Alisema ametumwa na mama yake, ambaye miguu imemkataza kuja. Jina lake Fifi.

Lambert alikuwa amesimama ukutani. Alimwona Joëlle akimtazama yule mwanamke: mikono yake, viatu vyake vyenye matope, termosi, uso. Alimtazama vile alivyozoea kuwatazama wote, kama anayetafuta kilichofichwa. Fifi naye hakuinamisha macho.

"Haiko na sukari?" Joëlle akauliza hatimaye. "Daktari amekataza sukari."

"Haiko."

Joëlle akaondoa mkoba wake kwenye benchi, akauweka chini, kati ya miguu yake. Fifi akaketi. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba hata wangeongea wasingesikilizana, na Lambert akatoka kwenda kuangalia kama vioo vya gari amevifunga.